Kumkaba Wifi

Katika ligi ya vyuo, upande wa wanawake, hapakuwa na siri iliyojulikana na watu wengi kama ya yule mchezaji waliyembandika jina la Kulia. Alitumia mkono mmoja. Akidunda mpira, ni wa kulia. Akirusha, ni wa kulia. Akimsukuma mtu wakati refa ameangalia pembeni, ni huo huo. Watazamaji walilijua hilo, wauza maji pale mlangoni walilijua, na kila alipopokea mpira timu pinzani walipigiana kelele, "Kulia, Kulia," mpaka jina likamganda. Wenye masihara walisema jina lina maana mbili na zote ni za kweli, kwa sababu wengi waliopangiwa kumkaba walitoka uwanjani macho mekundu.

Kwa upande wa chuo cha ufundi, aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa msichana wa mwaka wa pili anayesomea upimaji wa ardhi. Wenzake walimwita Kupe. Hakuwa mrefu, hakuwa na mbio za kutisha, na kufunga alifunga kwa bahati tu, lakini akipewa mtu wa kukaba alimng'ang'ania mpaka mtu mwenyewe akaanza kuulizia kama anaweza kubadilishiwa. Jina halikumuudhi. Alisema wapo watu wenye majina mazuri na hawajawahi kukaba hata mlango.

Kocha wao alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole wa sweta moja la kijivu, joto na baridi. Miaka mingi alikuwa amefundisha mpira wa wavu. Wa kikapu aliupokea pale mwenye kazi hiyo alipohama, na hakuna aliyewahi kumpokea yeye. Kabla ya mechi ya kwanza na timu ya Kulia alichora duara ubaoni, akachora mshale unaoelekea kushoto, akaupigia mstari kwa chini. Akaeleza kwamba mtu asiye na mkono wa kushoto akipelekwa kushoto amekwisha. Kupe asimame nusu mwili upande wa kulia, aizibe njia hiyo, na upande wa kushoto auache wazi kama mlango wa duka. Msichana mmoja aliuliza kulia kwa nani. Akajibiwa, kulia kwa Kulia, akaridhika. Pale ubaoni mpango haukuwa na kasoro.

Uwanjani mambo yalikwenda hivi. Kupe alisimama alipoambiwa. Kulia akaitazama ile nafasi aliyoachiwa, akaikubali kama mtu anayekaribishwa kiti, akaudunda mpira mara moja kushoto, chini kabisa karibu na kifundo cha mguu. Kupe akageuza kiuno amkimbilie. Hapo hapo mpira ukarudi mkono wa kulia, mwenye mpira akarudi nao, na Kupe akajikuta anakimbilia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nyuma yake alisikia wavu. Ikawa hivyo tena, na tena. Asipomfuata, Kocha alisimama na kumwambia amfuate. Akimfuata, alifuata hewa. Kocha alimtoa, akaingiza mwingine, akaona hali imekuwa mbaya zaidi, akamrudisha. Karibu na mwisho ukucha wa Kulia ulimchana Kupe shingoni, mstari mrefu kutoka sikioni hadi kwenye kola ya jezi, na refa akasema ni bahati mbaya.

Walifungwa vibaya. Katika chumba cha kubadilishia nguo Kocha alisema mpango ulikuwa sahihi, ila utekelezaji ndio uliolegea. Kupe, taulo kichwani, alikubali. Kukubali kulikuwa na kazi ndogo kuliko kukataa.

Nyumbani kwao walikuwa watatu: yeye, mama yake na kaka yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa sebuleni, kwa hiyo viti vya sebule vilifunikwa na nguo za watu mwaka mzima, hata wageni wa kawaida waliketi juu ya gauni la mtu. Kaka alifanya kazi hospitali, katika chumba cha plasta, anawafunga waliovunjika mifupa. Mama aliwaambia majirani kuwa mwanawe ni daktari. Yeye mwenyewe alisema anachanganya unga na maji.

Jumapili iliyofuata kaka aliaga asubuhi na kusema atarudi na mgeni. Namna alivyolitamka neno mgeni ilimfanya Mama ainuke na kuondoa nguo zote kwenye viti. Kupe alishangaa kuona kimoja kina rangi ya kijani. Saa za chai kaka akaingia, nyuma yake msichana mrefu wa gauni la maua, mkononi kapu la matunda. Alikuwa Kulia.

Wakatazamana. Kaka, ambaye hakuwa anafuatilia michezo hata kidogo, akaanza kuwatambulisha.

"Tunafahamiana," Kulia akasema.

Mama akauliza wanafahamiana wapi.

"Kazini," Kupe akajibu.

Mgeni alimkuna Mama moyo tangu dakika ya kwanza. Aliketi vizuri, aliongea kwa kiasi, na jambo moja Mama hakuweza kulinyamazia: kila kitu alikipokea kwa mkono wa kulia na kukitoa kwa mkono wa kulia. Kikombe, sahani, kijiko, hata mto wa kiti aliposogezewa. Mama alisema ni zamani hajaona binti wa leo mwenye adabu ya mikono kiasi hicho, na alipokuwa akisema alimtupia jicho bintiye. Kupe, plasta ndogo shingoni, alisema ni kweli, hata yeye amewahi kuliona hilo. Kulia akapaliwa na chai.

Baadaye walijikuta wawili jikoni wakiosha vyombo. Kulia alikuwa anasuuza, vikombe amevipanga karibu ili asihitaji kunyoosha mkono.

"Shingo inaendeleaje, wifi?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Inapona."

"Ile ilikuwa bahati mbaya."

"Ndivyo alivyosema refa pia," Kupe akajibu, akamkabidhi sahani.

Mambo hayakuchelewa. Wazee wa pande zote wakaonana, wakaelewana, na ikakubaliwa harusi iwe baada ya ligi kwisha. Mama alitangaza kuwa gauni la bibi harusi atalishona mwenyewe na asitokee mtu wa kumletea habari za maduka. Asubuhi moja Kulia akaja kupimwa. Alisimama juu ya kigoda sebuleni, pazia limevutwa, amevaa shimizi tu. Kupe alipewa kikopo cha pini na kuambiwa akae karibu.

Mama alipima mabega, kifua, kiuno, urefu. Alikuwa na kawaida ya kukariri vipimo vyake kwa kunong'ona, kama mtu anayesali. Akapima mkono wa kulia kutoka begani mpaka kifundoni. Akahamia wa kushoto.

"Nyoosha, mwanangu."

Kulia akasema ameshanyoosha.

Mama akatazama. Kiwiko kilikuwa kimekunjika, kama cha mtu aliyepachika kapu mkononi, na hakikuwa na dalili ya kwenda mbele zaidi. Alilaza tepu kufuata lile kunjo, akapima kwa nje, akapima kwa ndani, akanong'ona namba zake. Kisha akasema gauni litakuwa na mikono mirefu, na ule wa kushoto ataukata peke yake, usimbane wala usionekane tofauti. Alilisema kama mtu anayesema kuna mawingu leo. Kulia alikuwa anaangalia ukuta.

Kupe, pini mbili mdomoni, aliona vyote hivyo, na akili yake haikwenda kwenye gauni. Ilikwenda uwanjani, bila kutumwa. Mkono ule hauwezi kupanda. Hauwezi kurusha, hauwezi kumalizia chini ya kikapu. Safari zote zile za kushoto, zilizomzungusha kiuno mpaka akawa kichekesho, hazikuwa na mwisho. Zilikuwa matembezi ya kwenda na kurudi. Asiyegeuka hana cha kupoteza. Aligundua kuwa ameacha kupumua kwa sababu ya zile pini, akazitoa mdomoni.

Kulia alipoondoka, Mama alikuwa anakunja tepu.

"Fundi haongelei mwili wa mteja," akasema.

Kupe akajibu kwamba yeye hajasema kitu.

"Sijasema umesema."

Jioni kaka alimkuta uani akianua nguo. Alikwishajua, pengine Kulia alimwambia, pengine aliisoma sura ya dada yake. Akamsimulia bila kuzunguka. Kulia alianguka kutoka juu ya ukuta akiwa mtoto mdogo, akafungwa vijiti na jirani aliyesema anajua, na mfupa ukashikana ulivyotaka wenyewe. Yeye kaka alikuwa ameligundua hilo siku walipokutana: Kulia alikuja chumba cha plasta na kidole cha kulia kimeteguka, akashindwa kushika kalamu, akashauriwa asaini kwa kushoto, akacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Hapo ndipo uchumba ulipoanzia. Timu yake hawakujua. Kocha wao alidhani ni ukaidi tu. Na kwa kuwa chuo kilimchukua kwa ajili ya mpira, aliishi na hofu kwamba siku wakijua watamwona mgonjwa na kumtoa.

"Nakuomba usimguse hapo," kaka akasema.

"Mkono wake sitaugusa."

"Unajua ninachosema."

Alijua. Akamwambia atalifikiria. Kaka akasema hili si jambo la kufikiria. Kupe akamuuliza kama si la kufikiria, kwa nini amekuja kuomba. Kaka akachukua shuka moja kwenye kamba, akalikunja vibaya, akaingia nalo ndani.

Timu zote mbili zilifika fainali. Ya Kulia ilifika kwa kufunga sana. Ya Kupe ilifika kwa sababu wapinzani wao walikuwa hawafungi. Kocha alirudia mpango ule ule, ila safari hii mshale ulikuwa mkubwa zaidi na wa chaki nyekundu. Kupe akauliza kama anaweza kusimama mbele yake moja kwa moja, bila kuegemea upande. Kocha akataka sababu. Kupe akasema anahisi tu. Kocha, ambaye maisha yake yote alikuwa akikata alama za wanafunzi wanaoandika jibu bila kuonyesha njia, akasema wampeleke kushoto. Kupe akasema sawa.

Siku chache kabla ya mechi alizunguka uwanja wa mbio akilipima jambo lenyewe. Angeweza kucheza kama mara ya kwanza: ageuke, azungushwe, afungwe, watu waseme masikini amejitahidi. Lakini huko kungekuwa kudanganya kwa miguu, na mdomo wake ndio ulikuwa na uzoefu wa kudanganya. Miguu haikuwa nao. Kwa upande mwingine, hakukiona kile kiwiko uwanjani. Alikiona nyumbani, pazia limevutwa, amepewa pini ashike. Alizunguka mpaka mlinzi wa uwanja akamuuliza kama amepoteza kitu. Hakufikia uamuzi wowote. Jambo moja tu lilimtulia kichwani: wenzake hatawaambia. Hilo aliona ni nusu ya heshima, na nusu aliyoweza.

Siku ya fainali Mama alikuja, akaketi katikati kabisa ya jukwaa, mahali ambapo mashabiki wa pande mbili wanagusana, mkoba juu ya magoti. Kaka aliketi pembeni yake. Alikuwa na sura ya mtu anayesubiri majibu ya vipimo, na tangu mwanzo hadi mwisho hakumpigia mtu makofi.

Filimbi ikalia. Kulia akapokea mpira, akautazama mlango aliofunguliwa, akaudunda kushoto, chini. Kiuno cha Kupe hakikugeuka. Alibaki amesimama kama mwenye nyumba, na mpira uliporudi kulia ulimkuta palepale, ukamgonga paja, ukatoka nje. Watu wakadhani ni bahati. Mara ya pili ikawa vilevile, na ya tatu Kulia alilazimika kurusha kutoka mbali, mpira ukapiga ubao na kuondoka. Baada ya hapo alimtazama Kupe kwa muda mrefu kuliko wachezaji wanavyotazamana.

Mpaka mapumziko Kulia alikuwa amefunga mitupo ya adhabu tu. Kocha aliwakusanya na kuwaambia, kwa upole bila kujisifu sana, kwamba mshale unafanya kazi. Timu ilikuwa inaongoza kidogo. Ingekuwa inaongoza sana kama ingekuwa na mtu wa kufunga.

Kipindi cha pili mpira ulitoka nje karibu na meza ya waamuzi. Wawili hao wakasimama bega kwa bega wakisubiri urushwe.

"Nani kakuambia?" Kulia akauliza bila kugeuza uso.

"Hakuna."

"Kaka yako?"

"Nilishika pini, wifi. Nina macho."

Mpira uliporushwa, Kulia alikwenda kulia kwa nguvu zote, begani mwa Kupe, wakaanguka wote wawili. Refa akampa Kupe faulo. Ikawa hivyo kwa muda: anakuja kulia waziwazi, hajifichi tena, na Kupe anasimama, na mara moja anaupata mpira na mara nyingine anapata faulo. Hapakuwa na ufundi ndani yake. Mama pale jukwaani alihamisha mkoba kutoka goti moja kwenda jingine.

Timu ya Kulia ikasogea, pointi baada ya pointi, mpaka zikabaki sekunde chache na chuo cha ufundi kinaongoza kwa pointi moja. Kila mtu ukumbini alijua mpira utakwenda kwa nani, na ukaenda. Kulia akaudunda kushoto. Kupe akasubiri arudi.

Hakurudi. Aliendelea kushoto, mdundo baada ya mdundo, chini chini, akiuzunguka uwanja kwa upande ambao hakuna aliyewahi kumwona akiupita. Kupe alitembea naye bega kwa bega na kumwachia njia, moyo umetulia kabisa, kwa sababu alijua mwisho wa njia ile hakuna kitu. Nenda, alimwambia kimoyomoyo. Lakini hilo alilijua yeye tu. Wenzake wanne waliona mfungaji hatari kuliko wote anaelekea kikapuni na Kupe hamzuii, wakafanya ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya: wakaacha watu wao na kukimbilia kumzuia, wote.

Kulia akafika chini ya kikapu, akaruka katikati ya mikono minane iliyonyooka. Ule mkono wake uliokunjika haukuweza kupanda, naye hakuupandisha. Aliusukuma mpira pembeni, usawa wa tumbo, kama mtu anayefunga droo.

Pembeni kule alikuwapo msichana mmoja wa timu yake waliyemwita Nguzo, kwa kuwa msimu mzima alisimama kona hiyo hiyo na Kulia hakuwahi kumpa pasi hata siku moja. Mpira ulimfika kifuani. Alishtuka sana, akaurusha haraka kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Ukaingia. Kengele ikalia. Nguzo akageuka kumtafuta aliyefunga.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Kocha alimuuliza Kupe, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, kwa nini alimwachia njia mpaka mwisho.

"Ulisema nimpeleke kushoto."

Kocha akautazama ubao. Mshale mwekundu ulikuwa bado upo. Akasema ni kweli, alisema hivyo, akachukua kifutio na kuanza kufuta pole pole kuanzia kwenye ncha.

Swali lililokuwa na uzito liliulizwa na mchezaji wao mrefu, yule wa katikati, aliyekuwa anafungua kamba za viatu. Aliuliza kwa nini Kupe hakuwapigia kelele wabaki na watu wao. Kama aliona hali ni shwari, kwa nini hakusema. Kupe akavuta taulo likamfunika uso. Yule mrefu akaendelea na kamba zake.

Kulia alikuwa anamsubiri kwenye korido, medali shingoni, begi chini. Hakuonekana kama mshindi. Hakuonekana pia kama mtu aliyekuja kugombana. Alionekana amechoka tu.

"Ungejifanya hujui ningekuona," akasema. "Hapo ningekuchukia kabisa."

"Na sasa?"

"Sasa nakuchukia kiasi." Akainama akachukua begi. "Nilikuwa nimesimama pale na shimizi, wifi. Kwenu."

"Wenzangu sikuwaambia."

"Najua. Ndiyo maana Nguzo alikuwa peke yake."

Akaenda zake.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa namna ya utulivu. Kulia hakuja nyumbani. Kaka alimpita dada yake kama mtu anavyolipita kabati: bila chuki, kwa kujihadhari asijigonge. Akitaka chumvi mezani aliinuka akazunguka kuifuata. Mama alishona siku zote hizo bila kuuliza. Mtu aliyekaa katikati ya jukwaa huwa ameona pande zote mbili.

Gauni lilipokamilika alilikunja ndani ya shuka jeupe, akaliweka mikononi mwa Kupe pamoja na kikopo cha pini. Akamwambia alipeleke likajaribiwe, aende peke yake, na asirudi mpaka limekaa sawa. Kupe akasema labda ni bora aende kaka. Mama akauliza kaka anajua kupinda ukingo wa nguo tangu lini.

Alimkuta Kulia kwenye ukumbi wa michezo wa chuo chao, mchana, yuko peke yake. Alikuwa anarusha mpira kwa mkono wa kushoto kutoka kiunoni, chini kwenda juu, kama mtu anayemwaga ndoo ya maji. Mingi ilikuwa inagonga chini ya ubao na kumrudia usoni. Alimwona mgeni na furushi lake jeupe, akaendelea kurusha. Kupe akaketi kwenye benchi. Alijua kungoja, ndiyo kazi aliyokuwa anaiweza.

Mwishowe Kulia akaja, akaketi upande wa pili wa furushi, akaanza kusema akiwa anautazama mpira. Baada ya fainali kocha wao alimwita. Ukumbi mzima ulimwona amefika chini ya kikapu na hakurusha, kwa hiyo akaona aseme yote. Kocha akampeleka kwa daktari. Daktari akakishika kiwiko, akakigeuza huku na huku, akasema hakitanyooka, na kwa kuwa hakiumi acheze tu. Kocha akasema basi sawa, mazoezi Jumatatu.

"Ikaishia hapo?" Kupe akauliza.

"Ikaishia hapo. Akaniuliza kwa nini sikusema siku zote. Nikamwambia hakuniuliza." Akaudunda mpira mara moja katikati ya miguu yake. "Miaka yote hiyo nalala nawaza nitakavyofukuzwa. Mazoezi Jumatatu. Nilitaka angalau apige meza."

Gauni walilijaribia kwenye stoo ya mipira, kati ya magodoro ya kurukia na nyavu kuukuu, mlango wameufunga kwa fimbo. Kupe alipiga magoti akaweka pini kwenye ukingo wa chini. Kiuno kilikaa. Mabega yalikaa. Kulia akauinua mkono wa kushoto mpaka ulipokomea, akaushusha, na kitambaa kikaenda nao na kurudi nao bila kuvutika mahali popote. Akaurudia mara kadhaa. Akasema Mama anajua kazi.

"Naomba msamaha kwa hii ya gauni," Kupe akasema akiwa palepale chini. "Siku ile sikupaswa kuja na macho ya kukaba. Ile ya uwanjani siombi."

Kulia alimtazama kule chini, nguo nyeupe imemfunika mpaka kwenye raba zake.

"Sawa," akasema. "Usiombe."

Alipobadilisha nguo walitoka, na kwa kuwa mpira ulikuwa palepale aliuokota, akamwambia Kupe asimame mbele yake. Kupe akavua viatu vyake vya safari akasimama pekupeku. Kulia alikwenda kushoto akarusha kile kitu chake cha kumwaga ndoo. Kupe akakizuia kirahisi. Akakizuia tena. Hakumwachia hata kimoja, na Kulia hakumwomba amwachie. Walicheza mpaka mwenye funguo za ukumbi akaja kuwaambia kuna darasa la judo, na jasho la Kupe lilikuwa limeacha alama za nyayo sakafuni.

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata. Kaka alikuwa ameanza kuomba chumvi tena, ingawa kwa kumtaja mtu mwingine kwanza. Wachezaji wa timu zote mbili walialikwa, wakaketi meza tofauti. Kocha alikuja na sweta lake, juu yake amevaa tai. Baada ya chakula alimsogelea Kupe, akainama, akauliza kwa sauti ya chini kama sasa kwa kuwa ni ndugu anaweza kujua iwapo bibi harusi ataendelea kucheza msimu ujao. Kupe akasema ataendelea. Kocha akauliza, na ule mkono. Kupe akamwambia swali hilo amuulize mwenye mkono, yuko pale mbele, na kwamba yeye hajui chochote.

Kocha akatikisa kichwa kwa kuelewa, akaenda kutafuta soda. Mpiga picha alikuwa anaita ndugu wa bwana harusi wasogee. Mama alikuwa tayari mbele, amesimama wima, anamrekebishia mkwewe kola. Kupe akaenda akasimama alipoelekezwa, mstari wa nyuma ambako miguu haionekani, akashukuru, kwa sababu viatu vilikuwa vya kuazima na vilikuwa vinambana vidole.